Nisimulie Swali Kwanza

"Mwalimu, hapa natumia fomula ipi?"

Kama unafundisha fizikia ya sekondari, au una mdogo wako unayemsaidia masomo jioni, swali hilo unalifahamu. Huja kabla kalamu haijagusa karatasi. Mwanafunzi amepitisha macho kwenye swali, ameona namba tatu, ameziandika pembeni, na sasa anatafuta fomula ambayo herufi zake zinaendana na namba alizonazo. Mara nyingi anaipata. Anaingiza namba, anabonyeza kalkuleta, anapata jibu na kulipigia mistari miwili chini. Jibu limekosewa, naye hana namna ya kulijua hilo, kwa kuwa tangu mwanzo hakuwa anazungumzia kitu chochote kilichopo duniani. Alikuwa anapanga herufi.

Mimi humjibu kwa ombi moja: nisimulie swali. Funika daftari, achana na namba, nieleze kwa Kiswahili chako cha nyumbani kitu gani kinatokea humo ndani. Kwetu Tanzania ombi hili lina uzito wake, maana mtihani wa sekondari huja kwa Kiingereza, na mtoto anaweza kulisoma swali lote, kila neno akalitamka vizuri, bila tukio lolote kuonekana kichwani mwake. Akiweza kulisimulia, sehemu ngumu imekwisha. Akishindwa, hakuna fomula itakayomwokoa.

Nitazungumzia mwanga, usumaku na unururifu, yaani viini vya atomu kujigeuza vyenyewe na kutoa mionzi. Hizi ndizo mada ambazo wanafunzi wengi wa kidato cha nne huniambia kwamba "ni za kukariri tu", na kila nikisikia hivyo naumia, kwa sababu ni katika mada hizi hizi ambapo fizikia inagusa vitu tunavyoishi navyo: maji ya bahari, nyaya za sola, hospitali zetu, na mabonde yetu wenyewe.

Tuanze na samaki. Swali lenyewe ni la kawaida sana: samaki yuko majini, mtu anamtazama kutoka juu, mwale wa mwanga unaukuta uso wa maji kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mstari wa wima, tafuta pembe ya mwale huo ukishatoka hewani. Umepewa kwamba fahirisi ya mpindo ya maji, namba inayoonyesha mwanga unapinda kiasi gani, ni 4/3. Mwambie mwanafunzi achore. Wengi watachora jicho, kisha mshale unaotoka kwenye jicho kwenda kwa samaki.

Mshale huo ukielekea upande usio wake, kila kinachofuata kitakwenda upande usio wake. Mtoto anasimulia kuona kana kwamba ni jicho linalotoka kumfuata samaki. Asionewe aibu kwa hilo, maana watu wenye akili kubwa, Euclid akiwa mmojawapo, walidhani hivyo hivyo. Aliyeibomoa hoja hiyo kwa nguvu ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake Cairo mwanzoni mwa karne ya 11. Hoja zake mtoto yeyote anaweza kuzijaribu: ukitazama mwanga mkali, jicho linauma, ukiutazama kisha ukafumba macho, alama yake inabaki. Kitu kimeingia jichoni. Mwanga hutoka kwenye kile tunachokitazama ukaja kwetu.

Geuza mshale, na hadithi inajisimulia yenyewe. Mwanga unaanzia kwa samaki, unapanda ndani ya maji, unafika juu, unatoka hewani ambako mwendo wake ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo unapinda kuikimbia nomali, ule mstari wa nukta-nukta unaosimama wima juu ya uso wa maji. Hapo, kabla ya kugusa kalkuleta, tayari tunajua jambo kubwa kuhusu jibu: lazima lizidi nyuzi 30. Sasa ndipo tunakokotoa. Sini ya 30 ni 0.5, zidisha kwa 4/3 unapata 0.667, pembe yake ni nyuzi 41.8. Aliyegawanya badala ya kuzidisha atapata nyuzi 22, na mchoro wake mwenyewe utamkataza. Hahitaji mwalimu wala ukurasa wa majibu nyuma ya kitabu.

Mchoro huo huo unaeleza kwa nini wavuvi wanaotumia mkuki hulenga chini ya pale samaki anapoonekana. Jicho halijui kwamba mwale umepinda. Linaufuata kinyumenyume kama mstari ulionyooka, na kumweka samaki juu kuliko alipo. Ukitazama wima kutoka juu, maji ya kina cha mita 1.2 yanaonekana kama ya sentimita 90. Ninapofundisha hapa husimama kidogo na kuwaambia wanafunzi jambo ambalo halimo kwenye mtihani: bwawa au kisima kinachoonekana kifupi si kifupi kama kinavyoonekana, na mtoto asiyejua kuogelea asiamini macho yake.

Kisha nawapa pembe ya nyuzi 50. Wanafuata hatua zile zile: sini ya 50 ni 0.766, mara 4/3 ni 1.02, na walipotafuta pembe yake kalkuleta imeandika kwamba kuna kosa. Darasa linaanza kunong'ona, wengine wanaazimana kalkuleta. Napenda sana dakika hiyo. Kalkuleta haikuharibika. Sini haivuki 1 kamwe, kwa hiyo inachotuambia ni kwamba pembe tunayoitafuta haipo: hakuna mwanga uliotoka nje. Wote umerudishwa ndani ya maji. Mpaka wenyewe ni nyuzi 48.6, ambapo sini ni 0.75 kamili. Uakisi huo kamili wa ndani ndio unaobeba mawasiliano yetu ndani ya nyuzi za kioo kwenye mikongo iliyolazwa chini ya bahari, ikiwemo SEACOM iliyoanza kazi pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009. Video ya somo la fizikia unayoitazama kwa simu imesafiri sehemu ya njia yake ikigonga kuta za kioo na kukataliwa kutoka.

Nikizitaja video, kuna jambo linalowaumiza watoto wetu ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Ni alama za kujumlisha na kutoa kwenye vioo na lenzi. Mfumo niliofundishwa mimi, na ambao nafundisha, huhesabu umbali wa kitu halisi na taswira halisi kuwa chanya, na ule wa taswira ya kidhahania, ile inayoonekana tu kana kwamba iko nyuma ya kioo, kuwa hasi. Walimu wengi wa India, ambao video zao zimesaidia maelfu ya wanafunzi wetu, hutumia mfumo wa majira: unaanzia kwenye kioo, upande mmoja chanya, upande mwingine hasi, na kitu chenyewe kwa kawaida kinaangukia kwenye hasi. Mifumo yote miwili ni sahihi. Kuichanganya ndiko kunakoua.

Chukua kioo kilichobonyea ndani, kile cha kunyolea ndevu. Fokasi, pale miale sambamba inapokutana, iko sentimita 15, na uso wako uko sentimita 10 kutoka kwenye kioo. Mlinganyo unasema moja ya fokasi ni moja ya umbali wa kitu ukijumlisha moja ya umbali wa taswira. Kwa mfumo wangu, moja ya 15 ukitoa moja ya 10 unapata hasi moja ya 30, yaani taswira iko sentimita 30 nyuma ya kioo, na ni kubwa mara 3. Kwa mfumo wa majira, fokasi ni hasi 15, kitu ni hasi 10, na taswira inatoka chanya 30, ambayo kwa mfumo huo nayo ni nyuma ya kioo. Wamekutana. Sasa mwanafunzi aliyesoma asubuhi shuleni na usiku kwenye simu anaweka fokasi chanya 15 na kitu hasi 10. Anapata sentimita 6, na taswira yenye ukubwa wa 0.6. Kwa maneno mengine, kioo cha kunyolea kimeupunguza uso. Aliyewahi kujitazama kwenye kioo cha aina hiyo kwa karibu anajua kwamba huukuza. Ndiyo maana nasisitiza mchoro wa miale miwili kabla ya mlinganyo, hata kama ni mchoro wa haraka usio na vipimo. Mchoro hauna alama za kuchanganya.

Usumaku unawatesa kwa namna nyingine. Uga, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafanya kazi, hauonekani, na kani haielekei kule ambako mtu anatarajia: haifuati mkondo wala haifuati uga, inakwenda kwa pembe mraba na vyote viwili. Hapa hadithi ina wahusika wawili, na lazima uwataje: nani anatengeneza uga, na nani anasukumwa nao? Kwenye swali la nyaya mbili zilizolala sambamba, uga wa waya wa kwanza ndio unaousukuma waya wa pili. Mwanafunzi asiyewatenganisha hujikuta anautumia mkondo wa waya mmoja mara mbili, na waya wake unajisukuma wenyewe.

Mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Copenhagen aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye mkondo, na tangu siku hizo umeme na sumaku vikawa somo moja. Jaribio hilo linawezekana kijijini leo kuliko wakati wowote, kwa sababu ya sola. Tuseme waya mmoja wa betri ya volti 12 unabeba ampea 15, umelazwa kutoka kusini kwenda kaskazini, na dira iko sentimita 10 chini yake. Zidisha mkondo kwa 2 × 10⁻⁷, gawanya kwa umbali wa mita 0.1, unapata tesla 0.00003, yaani mikrotesla 30.

Je, hiyo ni kubwa au ndogo? Mwanafunzi aliyezoea kupiga mistari miwili chini ya jibu hana cha kusema. Lakini uga wa dunia yenyewe, ule unaoelekeza dira, uko kati ya mikrotesla 25 na 65 kutegemea mahali ulipo. Waya wetu unashindana na dunia nzima. Ikiwa sehemu ya mlalo ya uga wa dunia pale ulipo ni mikrotesla 30, vitu viwili vyenye nguvu sawa vinaivuta sindano, kimoja kwenda kaskazini na kingine kukata ubavu, na sindano inasimama katikati, nyuzi 45. Lazimisha waya ulale mashariki–magharibi, na sindano haitageuka ubavuni hata kidogo, maana uga wa waya sasa unalala kwenye mstari ule ule wa kaskazini na kusini.

Msomaji makini atauliza kwa nini basi dira haziyumbi ovyo kila nyumba yenye sola. Ni kwa sababu waya wa chanya na waya wa hasi kwa kawaida hupita pamoja. Mkondo unaokwenda na mkondo unaorudi ni sawa, nyuga zao zinaelekea kinyume, zinafutana. Na nyaya za umeme wa gridi? Mkondo wa hezi 50 hugeuka mwelekeo mara 100 kila sekunde, sindano haiwezi kuufuata, inabaki ilipo. Hakuna fomula mpya kwenye maelezo hayo. Ni hadithi ile ile, imesimuliwa kwa makini zaidi.

Neno moja kuhusu mikono, kwa wanaojiandaa na mtihani. Mwelekeo wa uga unaouzunguka waya unapatikana kwa mkono wa kulia: dole gumba lifuate mkondo, vidole vinajikunja kufuata uga. Mwelekeo wa kani unapatikana kwa mkono wa kushoto, kwa kanuni ya Fleming. Mwanafunzi anayeandikia mkono wa kulia ameshika kalamu kwa mkono huo, hivyo anapotakiwa kuutumia ananyanyua ule ulio wazi, wa kushoto, na jibu linageuka nyuma-mbele. Weka kalamu mezani. Ni ushauri mdogo, na umeokoa alama nyingi kuliko hotuba zangu zote kuhusu uga.

Sasa unururifu, mada ninayoipenda kuliko zote, na ambayo inafundishwa kwa haraka kuliko zote kwa sababu huja mwisho wa muhula.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kitu kinatoweka. Mwanafunzi anasoma kwamba nusumaisha ya sampuli, yaani muda wa nusu ya viini vyake kugeuka, ni siku 8, anasimulia kwamba baada ya siku 8 nusu ya kipande imekwisha, na kama kilikuwa na gramu 100 sasa kina gramu 50. Kipande kipo pale pale, na uzito wake karibu haujabadilika. Nusu ya viini vyake vimegeuka kuwa viini vya kitu kingine. Ukiisimulia hivyo, swali la "kiasi gani kimebaki" na swali la "kiasi gani kimegeuka" hayachanganyiki tena, na hapo ndipo watu wengi hupoteza alama: baada ya nusumaisha 3, kilichobaki ni 1/8, kilichogeuka ni 7/8, na swali limeuliza kimoja tu.

Kosa la pili ni la kuhesabu. Sampuli imeshuka kutoka 800 hadi 100, nusumaisha ngapi zimepita? Andika 800, 400, 200, 100, na mtoto anahesabu namba nne. Hesabu mishale iliyo kati yake, si namba. Mishale ni mitatu. Kila mshale ni muda uliopita. Kila namba ni hali tu ya wakati fulani.

La tatu ni mtego ambao watunga mitihani wanaupenda, na wako sahihi kuupenda. Kaunta ya Geiger inasoma mapigo 520 kwa dakika. Baada ya saa 6 inasoma 160. Mahali hapo, bila sampuli yoyote, inasoma 40. Nusumaisha ni ngapi? Anayejua logi ataziingiza 520 na 160 moja kwa moja na kupata saa 3.5 hivi, kwa hesabu safi kabisa na jibu lisilo sahihi. Simulia: yale mapigo 40 yanatoka wapi? Yanatoka kwenye miamba, hewa na anga, nayo hayapungui kwa sababu sampuli yako imepungua. Ondoa 40 kila upande. Kutoka 480 hadi 120 ni mishale miwili, saa 6, kwa hiyo nusumaisha ni saa 3.

Maswali ya kusawazisha milinganyo ya viini ni mepesi mno kwa mtu anayesimulia kwa mpangilio. Urani-238, ambayo imo kwenye mashapo ya Mto Mkuju huko Ruvuma, huishia kuwa risasi-206 baada ya mlolongo mrefu. Chembe ngapi za alfa, ngapi za beta, hutolewa njiani? Anza na uzito, kwa sababu beta haigusi uzito: 238 ukitoa 206 ni 32, na kila alfa huondoka na 4, basi alfa ni 8. Alfa 8, kila moja ikiwa na chaji 2, zimeondoa chaji 16 kutoka 92 za urani, zimebaki 76. Lakini risasi ni 82. Pengo la 6 limezibwa na beta 6, kila moja ikiongeza moja. Umemaliza, na hukukariri chochote.

Wanafunzi huniuliza kama kuna mtu anayefanya hesabu hizi maishani. Ndiyo, na maisha ya watu yanategemea afanye sawasawa. Mashine za kobalti-60 zimetumika kutibu saratani duniani kote, hata hapa Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road. Nusumaisha ya kobalti-60 ni miaka 5.27. Maana yake chanzo cha mionzi kilichomo ndani ya mashine kinadhoofika kila siku, kikiwa kinatumika au hakitumiki, kwa kiasi cha asilimia 1.1 hivi kila mwezi. Ikiwa mgonjwa alihitaji sekunde 100 za mionzi chanzo kilipokuwa kipya, anahitaji sekunde ngapi baada ya miaka 2, kila kitu kingine kikibaki vile vile?

Simulia kwanza. Chanzo kimedhoofika, dozi inayotakiwa haijabadilika, kwa hiyo muda lazima uongezeke. Hauwezi kufika mara mbili, kwa kuwa hata nusumaisha moja haijapita. Jibu liko kati ya 100 na 200, na karibu zaidi na 100. Sasa hesabu: 2 ukigawanya kwa 5.27 ni 0.38, nusu ikipandishwa kwa kipeo cha 0.38 ni 0.77, 100 ukigawanya kwa 0.77 ni sekunde 130. Aliyezidisha badala ya kugawanya atapata 77, na mgonjwa wake angepata dozi pungufu. Nikifika hapo huwa sihitaji tena kumshawishi mtu kwa nini tunakadiria kabla ya kukokotoa.

Na kuna swali moja ambalo ningependa kila mwanafunzi wa Tanzania alifanye kabla hajamaliza sekondari, kwa sababu jibu lake limechimbwa kwenye ardhi yake. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu huko Olduvai, lile walilolipa jina Zinjanthropus. Fuvu lilikuwa na umri gani? Mume wake, Louis Leakey, alikuwa amekadiria miaka kama 600,000. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, walipima majivu ya volkano ya tabaka lile na kupata miaka milioni 1.75. Walijuaje?

Wengi husema kaboni-14, kwa sababu ndiyo pekee waliyoisikia. Ijaribu. Nusumaisha yake ni miaka 5,730. Gramu moja ya kaboni ya kiumbe aliye hai ina atomu za kaboni-14 zipatazo bilioni 60. Zigawe nusu, na nusu, na nusu. Baada ya mishale 36 inabaki atomu moja hivi, na mishale 36 ni miaka kama 206,000. Miaka milioni 1.75 ni mishale 305. Hakuna kitu kilichobaki cha kupima. Saa hiyo ilisimama zamani sana, na kuiuliza umri wa fuvu ni kumuuliza asiyekuwepo.

Inahitajika saa inayokwenda polepole mno: potasiamu-40, yenye nusumaisha ya miaka bilioni 1.25. Volkano za nyanda za juu za Ngorongoro zilimwaga majivu yenye madini ya potasiamu. Mwamba ukiwa umeyeyuka, gesi ya agoni iliyomo inatoroka. Ukipoa na kuganda, mlango umefungwa, na agoni yoyote itakayozalishwa na potasiamu kuanzia hapo inabaki imenaswa ndani ya fuwele. Ukipima agoni na potasiamu, umepima muda tangu mlango ufungwe.

Sasa hesabu, na hapa mbinu ya mishale inagoma. Miaka milioni 1.75 ni sehemu 0.0014 tu ya nusumaisha moja. Hakuna hata mshale mmoja kamili wa kuchora. Lakini muda ukiwa mfupi sana ukilinganisha na nusumaisha, sehemu iliyogeuka inakaribia 0.693 mara idadi ya nusumaisha zilizopita. Kwa hiyo 0.693 mara 0.0014, ambayo ni 0.00097. Katika kila viini 100,000 vya potasiamu-40, vimegeuka 97 hivi. Na si vyote vilivyokuwa agoni: takribani asilimia 89 huwa kalisi, asilimia 11 tu huwa agoni. Asilimia 11 ya 97 ni kama 10 au 11. Yaani katika miaka milioni 1.75, kila viini 10,000 vya potasiamu-40 vimezalisha kiini kimoja cha agoni, na watu wale wakaweza kukipima. Niliwahi kuimaliza hesabu hiyo ubaoni na darasa likakaa kimya kwa muda, kisha kijana mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe ndiyo maana walihitaji majivu, si mfupa." Hakuna fomula iliyomwambia hivyo. Aliisikia kwenye hadithi ya mlango.

Kama umesoma mpaka hapa na una karatasi karibu, nakuachia moja. Mgonjwa wa tezi ya shingo amepewa iodini-131, yenye nusumaisha ya siku 8. Lakini mwili nao unaitoa iodini kwa njia zake. Tuseme peke yake ungetoa nusu kila baada ya siku 24. Njia zote mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Baada ya siku 18, sehemu gani ya iodini-131 iliyoingia bado imo mwilini? Anza kwa kusimulia: ukiwa na njia mbili za kupunguza, nusumaisha ya jumla itakuwa ndefu kuliko siku 24, itakuwa kati ya 8 na 24, au itakuwa fupi kuliko 8? Ukishakuwa na uhakika wa hilo, utaukuta mlinganyo wenye sura ile ile ya kioo cha kunyolea, na namba zitatoka safi bila kalkuleta.